Jinsi ya kutengeneza pedi yenye joto ndani ya Surge XT

Prodyuza wengi wakitaka pedi nene, yaani sauti ndefu ya sintesaiza inayojaza nyuma ya wimbo, hukimbilia kuongeza: osileta (kizalishaji cha wimbi la sauti) ya tatu, unisoni (nakala za wimbi moja zikipigwa pamoja) ya sauti nane, rivebu (mwangwi) ya kanisani. Kinachopatikana ni sauti kubwa, na joto lenyewe halipo. Angalia Roland Juno-60 ya mwaka 1982, sintesaiza ambayo pedi zake zinaigwa hadi leo. Kila noti ina osileta moja tu, na mashine nzima inapiga noti sita kwa pamoja. Utamu wake unatoka kwenye filta inayokata sauti za juu na kwenye korasi ya stereo (efekti inayochanganya sauti na nakala yake iliyochelewa kidogo) iliyowekwa mwishoni. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: malighafi kidogo, kukata sana, kisha mwendo wa polepole usiojirudia waziwazi.

Tutatumia Surge XT, plagini ya sintesaiza inayofunguliwa ndani ya programu ya kutengenezea muziki, kwa sababu ni ya bure, haidai ufungue akaunti, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Mwenye Vital au plagini nyingine afuate hatua zilezile. Kitakachobadilika hasa ni majina ya vitufe.

Osileta

Fungua preseti (mpangilio uliohifadhiwa) ya Init Saw, iliyo kwenye kundi la Templates. Utasikia wimbi la msumeno, kali na kavu. Ukali huo ndio tunaoutaka kwa sasa: msumeno una hamoniki (sauti za juu zinazoambatana na noti) zote, shufwa na witiri, kwa hiyo filta itakuwa na kitu cha kukata. Ukianza na wimbi laini la sine, filta haina kazi na pedi itabaki bapa hata ukiipa rivebu ya dakika nzima.

Kwenye osileta 1, acha Shape kwenye 0%, weka Unison Voices 2, na Sub Mix kama 25% ili kupata oktava ya chini. Kisha nenda kwenye mikisa uwashe osileta 2, ambayo kwa kawaida imenyamazishwa, na ushushe sauti yake hadi -6 dB. Shape yake ipeleke -100% ili iwe wimbi la mraba, na Pitch yake ipandishe 0.06, yaani senti sita (nusutoni moja ina senti 100). Kuburuta kitelezi kwa usahihi huo ni shida. Bofya kulia uandike namba kwa mkono.

Zima kitufe cha Retrigger kwenye osileta zote mbili. Kikiwa kimewashwa, kila noti inaanza mahali palepale pa wimbi, na kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) itagonga kwa namna ileile. Sikio hulinasa jambo hilo haraka ingawa msikilizaji hawezi kulitaja.

Hapa kuna kosa linaloharibu pedi nyingi kuliko lolote: kutofautisha tuni kupita kiasi. Tofauti ya senti huzaa mtikisiko ambao kasi yake hupanda pamoja na noti. Senti 10 kwenye A ya 110 Hz zinatoa mtikisiko wa takriban 0.6 Hz, yaani wimbi moja kila sekunde moja na nusu hivi, na hilo linapendeza. Senti hizohizo kwenye A ya 880 Hz zinatoa mitikisiko mitano kwa sekunde, na noti ya juu inaanza kulia kama ina homa. Ndiyo sababu pedi iliyosikika tamu ulipobonyeza noti moja ya chini inachafuka ukipiga kodi nzima. Surge XT ina dawa yake: bofya kulia kwenye Unison Detune uchague Absolute. Tofauti itahesabiwa kwa hezi badala ya senti, na mtikisiko utakuwa na kasi moja juu na chini. Anza chini kabisa, halafu panda hadi uusikie, kisha rudi nyuma kidogo.

Ongeza Osc Drift hadi 15% au 20%. Kitelezi hiki kinayumbisha tuni ya kila noti kidogo bila mpangilio, kama sintesaiza za zamani zilizokuwa zikitoka nje ya tuni chumba kikipata joto. Ukivuka 40%, piano iliyo kwenye wimbo itaanza kusikika kama ndiyo yenye kosa.

Filta na envelopu

Kwenye filta 1 chagua LP 24 dB, inayopitisha sauti za chini na kukata za juu. Weka Cutoff kwenye 650 Hz na Resonance isizidi 10%. Resonansi kubwa inainua kilele chembamba mahali filta inapokatia, na filta ikitembea, kilele hicho kinapita juu ya noti zako kimoja baada ya kingine. Kwa besi ya asidi ni raha, ila pedi inageuka kuwa mluzi.

Usisahau Keytrack. Bila hiyo, 650 Hz ni ukuta usiosogea: noti ya C6, ambayo msingi wake ni karibu 1047 Hz, iko nje ya ukuta huo na itasikika kama iko chumba cha jirani. Keytrack ya 40% inaifungua filta kadiri unavyopanda kinanda, ila si kiasi cha kurudisha ule ukali tuliouondoa.

Filter EG (envelopu, yaani mwendo wa filta tangu noti ibonyezwe) ipe kiasi cha nusutoni 12 ili filta ifunguke oktava moja, kutoka 650 hadi 1300 Hz. Attack (muda wa kupanda) iwe sekunde 2.5, Decay (muda wa kushuka) sekunde 3, Sustain (kiwango cha kutulia) 50%. Kodi itachanua kisha itulie yenyewe, na utakuwa umepata uhai bila kugusa kitu kingine.

Kwa Amp EG, envelopu ya ukubwa wa sauti, mafunzo mengi yanakwambia uweke Attack ya sekunde moja au mbili, bila kukuuliza wimbo wako una kasi gani. Piga hesabu: gawanya 240 kwa BPM (mapigo kwa dakika), utapata urefu wa ba moja ya mapigo manne kwa sekunde. Amapiano ya 112 inakupa sekunde 2.1, kwa hiyo Attack ya 0.6 inaingia vizuri. Singeli inayokimbia 200 inakupa sekunde 1.2 tu, ukiweka Attack ya sekunde moja, pedi inafika kileleni wakati kodi inabadilika, na utabaki unashangaa kwa nini haisikiki hata ukiipandisha. Kwa kasi hiyo shusha Attack hadi 0.15 na Attack ya Filter EG hadi 0.5, au shikilia kodi moja kwa ba nne.

Release, muda wa sauti kufifia ukiachia noti, iwe ndefu kuliko Attack, lakini isizidi ba moja. Ikiwa fupi mno, utasikia shimo kati ya kodi na kodi. Ikiwa ndefu mno, kodi ya zamani inakaa juu ya mpya, na Fa iliyobaki inagombana na Mi inayoingia. Tope hilo watu wengi huliita tatizo la EQ (usawazishaji wa masafa), wakakata masafa hadi pedi ikafa, kumbe mkosaji ni Release.

Mwendo

LFO 1 (wimbi la polepole linalosogeza vitelezi lenyewe) iwe ya pembetatu, kasi 0.08 Hz, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 12.5. Iunganishe na Cutoff kwa nusutoni 3 tu. LFO 2 iwe 0.13 Hz, iende kwenye Width 1 ya osileta 2 kwa 15% hivi. Upana wa wimbi la mraba ukibadilika polepole, osileta moja inasikika kama mbili. Trigger ya LFO zote weka Random ili kila noti ianze mzunguko wake mahali tofauti. Usizifunge kwenye tempo. Mwendo uliofungwa kwenye ba unarudi palepale kila mara na msikilizaji anaanza kuuhesabu, 0.08 na 0.13 zinapishana kwa muda mrefu kabla ya kukutana tena.

Korasi kwanza, rivebu baadaye

Kwenye nafasi ya kwanza ya efekti weka Chorus. Kasi 0.5 Hz, Feedback 0%, Mix 45%. Korasi ya Juno-60 ilikuwa na vitufe viwili vya kuiwasha, cha kwanza kikizunguka karibu na 0.5 Hz na cha pili karibu na 0.8 Hz, na hakukuwa na kingine cha kurekebisha; bado watu wanaitafuta. Feedback ikipanda, sauti inapata mlio wa bati. Anayetaka mnuko zaidi wa mashine za miaka ya 1980 ajaribu Ensemble badala ya Chorus, maana inaiga chipu za kuchelewesha sauti zilizotumika enzi hizo.

Kisha Reverb 2: Decay sekunde 3, Pre-Delay milisekunde 30, Mix 20%, na HF Damping ipandishwe ili mkia usirudishe sauti za juu. Ikiwa pedi haipendezi bila rivebu, rudi kwenye filta.

Kuikalisha ndani ya biti

Besi na kiki ndizo zenye haki ya kukaa chini. Pandisha High Pass, filta inayokata sauti za chini, hadi kama 150 Hz (ikiwa imezimwa, bofya kulia uiwashe). Ukiisikiliza pedi peke yake utaona imekonda, na hapo wengi hurudisha nyuma. Usirudishe. Washa besi kwanza ndipo uhukumu.

Mpangilio wa noti una kazi kubwa kuliko EQ yoyote. Noti za chini zilizobanana hutoa tope hata kwa sintesaiza ya gharama, kwa hiyo iachie besi noti ya msingi na pedi ianzie G3. Mfano: besi ikipiga A, pedi ipige G3, C4, E4, B4. Besi ikienda F, B4 pekee ishuke kuwa A4. Besi ikienda C, hiyo A4 ishuke kuwa G4. Kodi tatu zimepita na ni kidole kimoja tu kilichosogea. Ulaini unaousikia hapo haumo kwenye plagini. C4 tunayosema ni ile ya 262 Hz. FL Studio inaiandika C5, na Ableton Live inaiandika C3, kwa hiyo usishangae ukisikia oktava tofauti.

Kabla ya kuridhika, geuza wimbo wote uwe mono. Korasi inapata upana wake kwa kutofautisha kushoto na kulia, na pande hizo zikijumlishwa baadhi ya masafa hufutana. Baadhi ya wasikilizaji wako wana simu yenye spika moja. Pedi ikishuka kidogo si neno. Ikipotea kabisa, punguza Width ya korasi au Mix yake hadi 30%.

Kompyuta ikianza kukwama, hesabu mzigo. Noti nne, kila moja na mawimbi mawili ya osileta 1 (unisoni) na moja la osileta 2: mawimbi 12. Kodi inayofuata ikiingia huku ya kwanza ikiwa kwenye Release, yanakuwa 24. Ndiyo maana unisoni ya nane ni anasa. Pandisha bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa) hadi sampuli 512 wakati wa kumiksi. Ukiwa unarekodi kwa kinanda, ucheleweshaji huo utauhisi vidoleni, basi rudisha 128. Pedi ikishakamilika, hifadhi preseti kwa jina lako, kisha igeuze kuwa odio na uzime plagini. Unapoigeuza, ongeza angalau sekunde sita za ukimya baada ya noti ya mwisho, kwa sababu baadhi ya programu hukata pale kipande cha MIDI kinapoishia na kuacha mkia wa rivebu nje.