Somo: Kuandaa Crodino, Kinywaji Kichungu cha Waitalia Kisicho na Kileo

Waitalia wana desturi ya kuketi pamoja jioni, kabla ya chakula cha usiku, wakinywa kitu chenye uchungu kidogo cha kuamsha hamu ya kula, na desturi hiyo huiita aperitivo. Asiyetumia kileo naye amewekewa chake tangu miaka ya 1960: ni Crodino, kinywaji cha gesi chenye rangi ya kaharabu, kilichopata jina lake kutoka Crodo, kijiji cha Piemonte, kaskazini mwa Italia, kinachojulikana pia kwa maji ya madini.

Hatua ya 1. Weka chupa kwenye jokofu saa kadhaa kabla ya wageni kufika. Chupa yake ya asili ni ya mililita 100 tu, kwa hiyo kikimiminwa kikiwa na joto huyeyusha barafu upesi, na ladha yote huzimuka.

Hatua ya 2. Chukua glasi pana, utie vipande viwili au vitatu vikubwa vya barafu.

Hatua ya 3. Inamisha glasi na umimine taratibu ili gesi isipotee.

Hatua ya 4. Kata kipande cha chungwa pamoja na ganda lake. Kabla ya kukitumbukiza, likunje ganda juu ya glasi mpaka uone vitone vya mafuta vikirukia kinywaji, kwa maana harufu hiyo hutangulia puani na uchungu unapofika ulimini huwa umekwisha kupata mwenzake. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote.

Hatua ya 5. Andaa zeituni, karanga au krispi zenye chumvi, kwani chumvi hupunguza makali ya uchungu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi ni Mwislamu. Je, nitakitofautishaje na vile vyenye kileo?

Jibu: Soma jina na lebo, usitegemee rangi. Aperol na Campari ni vinywaji vichungu vya Kiitalia vyenye kileo: Aperol ina asilimia 11, na Campari inauzwa Italia ikiwa na asilimia 25, ilhali Crodino, ingawa inamilikiwa na kampuni inayotengeneza Campari, huuzwa kama kinywaji kisicho na kileo. Ukitaka uhakika wa kidini kuhusu viungo vya ladha, muulize sheikh wako.

Swali: Wageni wangu wanalalamikia uchungu. Niongeze sukari?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Sukari imo tayari, tena si haba, na ukiongeza utabaki na soda ya kawaida. Wape zeituni kwanza. Wakishindwa kabisa, ongeza maji kidogo ya chungwa lililokamuliwa papo hapo.

Swali: Dukani nimepata Sanbittèr peke yake. Inafaa?

Jibu: Inafaa sana. Hiyo nayo ni kinywaji kichungu kisicho na kileo, cha kampuni ya Kiitalia ya Sanpellegrino, rangi yake nyekundu, nayo huja katika chupa ndogo ya mililita 100. Fuata hatua hizihizi bila kubadili chochote.