Kupima nagana kwa damu ya sikio

Ng'ombe amekonda, manyoya yamesimama, na anachungwa karibu na pori lenye mbung'o. Wengi hukimbilia sindano ya nagana, ugonjwa wa vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Mimi hupima kwanza, maana ndigana baridi, ugonjwa wa kupe, nayo humaliza damu vilevile na dawa yake ni nyingine.

Hatua ya 1: Chukua damu
Fanya asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Pangusa sikio kwa spiriti, usubiri likauke. Spiriti ikichanganyika na damu hupasua chembe. Toboa mshipa mdogo wa ukingoni. Kwa nini sikio na si shingo? Trypanosoma congolense, mojawapo ya vimelea vya nagana, hujibana kwenye mishipa midogo. Gusisha mrija wa kapilari (mwembamba sana, wa kioo) wenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwenye tone, damu itapanda yenyewe. Ikifika robo tatu, ziba ncha moja kwa udongo wa kuzibia. Jaza miwili. Itunze mahali pa baridi, pasipo jua, uipime ndani ya saa chache. Vimelea vikifa hutaviona vikicheza.

Hatua ya 2: Zungusha
Tia mirija kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungushia damu: mizunguko 12,000 kwa dakika, kwa dakika 5. Mirija itazamane, la sivyo mashine itaruka mezani.

Hatua ya 3: Soma wingi wa damu
Wingi wa damu ni sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Pima safu nyekundu kwa kipimio chake. Chini ya asilimia 25, huyo ana upungufu wa damu.

Hatua ya 4: Kata mrija
Hapa ndipo kazi ilipo. Kati ya wekundu wa chini na maji ya manjano ya juu kuna ukanda mweupe, mwembamba kama uzi. Vimelea hukusanyika hapo. Kwaruza kioo kwa kalamu ya almasi milimita 1 chini ya ukanda, kisha vunja. Nilipoanza, kwa woga wa kuupoteza ukanda, nilikata chini mno. Slaidi ikajaa wekundu mtupu, sikuona kitu. Sukuma ukanda pamoja na maji kidogo kwenye slaidi, funika.

Hatua ya 5: Tazama
Ukuzaji mara 400, mwanga uwe hafifu. Tafuta mtikisiko kabla ya umbo. Vimelea vya nagana ni vya aina kadhaa (T. ni Trypanosoma). T. vivax hukatiza mbio, huyoo, ametoka upande wa pili. T. congolense ni mzito. Hung'ang'ania chembe nyekundu na kuzitikisa. T. brucei hujipindapinda palepale. Ukitaka kuthibitisha aina, tengeneza slaidi kavu na uipake rangi ya Giemsa.

Usipoona kitu, na wingi wa damu ni asilimia 19, usiandike "mzima". Vimelea hupanda na kushuka kwenye damu. Rudia baada ya siku chache. Kipimo cha kingamwili nacho kina mtego wake: kingamwili hubaki miezi kadhaa baada ya ng'ombe kupona, kwa hiyo muulize mfugaji ng'ombe wake alidungwa dawa lini mara ya mwisho.