Kuhamia shamba Njoro: maji kwanza, watu mwisho

Tulitoka Kaptembwa, Nakuru mjini, tukaenda kuishi kwenye ekari moja na nusu upande wa Njoro. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu na watoto watatu, kitinda mimba akiwa na miaka mitatu. Mimi ni fundi wa nguo, na tangu tuhame hakuna wiki inayopita bila mteja kuniuliza nilianzia wapi. Huwa nawaambia waanze na maji. Shamba zuri lisilo na maji ya kumpa mtoto ni shamba la kulima tu, si la kuishi.

Siku tuliyoenda kuona shamba, mzee aliyekuwa akituuzia alituonyesha mfereji wa jirani, unaotoka kwenye kisima kirefu cha mtambo. Akasema, "Mama, hapa maji hayajawahi kuwa shida." Niliyaonja. Yalikuwa meupe, baridi, hayana harufu. Nikaridhika.

Tukiwa njiani kurudi stejini tulijikinga mvua kwenye kinu cha posho. Mama mmoja aliyekuwa akingoja unga aliniuliza watoto wangu wana umri gani. Nilipomtajia, alimwita binti yake, wa kama miaka kumi, akamwambia, "Hebu muonyeshe mama meno." Meno ya juu yalikuwa na mistari ya kahawia, kama chai iliyokaukia kwenye kikombe, na mawili yalikuwa yameanza kumeguka kingoni. Msichana alifunga mdomo upesi akaufunika kwa kiganja. Mama yake akaniambia, "Dada, ya kisima oga na ufue. Ya kunywa, kinga ya mvua."

Hiyo ni floraidi. Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano, na maji yanayokaa chini sana huyabeba madini hayo. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima vingi vya Nakuru na Njoro hupita hapo. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi tangu uchanga hadi karibu miaka minane. Yakishaota na madoa, hakuna mswaki utakaoyatoa. Wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuzidi ukali. Hata magadi ya kulainishia maharagwe na githeri huwa nayo, kwa hiyo mimi niliacha kuitumia. Naloweka maharagwe usiku kucha.

Basi, kabla ya kutoa hata shilingi, chota maji ya hapo kwenye chupa safi ya plastiki, uisuuze kwanza mara tatu kwa maji yayo hayo, uyapeleke maabara yapimwe floraidi. Na utembee. Angalia meno ya watoto wanaotoka shuleni saa kumi, watoto waliozaliwa na kukulia hapo. Kama majibu ni mabaya si lazima uliache shamba. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floraidi, ila mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe. Sisi tuliamua kutegemea paa.

Hesabu ya paa ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja. Nyumba yetu ina paa la mita tisa kwa saba, yaani mita za mraba 63. Mvua ya milimita 20 inatupa lita 1,260. Toa zinazomwagika, unabaki na kama 1,000. Mvua tano za namna hiyo zinajaza tangi la lita 5,000. Kunywa na kupika, sisi watano tunatumia lita 25 kwa siku, kwa hiyo tangi lililojaa linatupitisha siku 200 mradi hakuna anayechota humo maji ya kufulia. Nimelifungia mfereji wake kwa kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Tangi la kwanza lilitutia hasara. Maji ya lita 5,000 ni tani tano, na fundi alipanga mawe juu ya udongo uliochimbwa karibuni bila kuushindilia. Tulijaza Novemba. Usiku mmoja wa Januari upande mmoja ulizama, tangi likainama, kiungo cha bomba kikapasuka. Asubuhi tulikuta tope kuanzia jikoni hadi kwenye ua, na kiangazi ndiyo kwanza kimeanza. Nililia. Tulinunua maji ya mkokoteni hadi Aprili. Kwa hiyo simama hapo mwenyewe wakati wa msingi: ardhi ishindiliwe, mawe, kokoto, kisha zege, na zege likae wiki moja likinyunyiziwa maji kabla tangi halijapandishwa.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi, maana wakili atakueleza. Fanya upekuzi rasmi wa hatimiliki ili ujue mwenye shamba ni nani na kama kuna mkopo juu yake. Lipa sorveya akuonyeshe mawe ya mipaka kwa ramani, muuzaji na majirani wakiwepo. Na kwa kuwa ni shamba la kilimo, lazima mpate kibali cha bodi ya ardhi, mkiombe ndani ya miezi sita tangu mtie sahihi mkataba. Bila kibali hicho mauzo ni bure mbele ya sheria. Mke wa muuzaji aje kwenye bodi. Asipokuja, usimalize malipo.

Sasa tarehe ya kuhama. Watoto wanapaswa kuanza shule mpya Januari, kwa hiyo familia ihame Desemba. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi ni kiangazi. Maana yake tangi liwe limejengwa na kujaa kabla ya Desemba, paa na gata za kupeleka maji kwenye tangi ziwe juu mapema zaidi, na choo cha shimo kiwe kimechimbwa, mbali na mteremko unaoshuka kwenye kisima. Ukihesabu hivyo kurudi nyuma, utaona kwamba kazi inaanza karibu mwaka mmoja kabla ya lori. Mume wangu alitangulia Juni, akalala kwenye chumba kimoja cha mabati. Huo ndio wakati alijua njia yetu haipitiki kwa gari mvua ikinyesha siku mbili, na zahanati inafungwa saa ngapi.

Shuleni, nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu muhula wa tatu, uulize kama kuna nafasi, kisha uombe shule ya zamani imwachilie mtoto kwenye mfumo wa wizara. Kama una wa gredi ya saba hadi ya tisa, uliza walimu wa sayansi ni wangapi. Siku hiyo hiyo piteni kwa chifu na mzee wa nyumba kumi mjitambulishe. Mgeni anayejulikana husaidiwa usiku.

Usiache kazi ya mjini mwaka wa kwanza. Mahindi ya nyanda za juu kwetu hukaa shambani zaidi ya miezi sita. Ukipanda Aprili, hadi Oktoba unga unaununua. Nilibaki na cherehani yangu Kaptembwa siku tatu kwa wiki, kwa matatu, na mapato hayo ndiyo yaliyotulisha. Panda sukuma na viazi kwanza, fuga kuku kidogo. Ng'ombe asubiri mpaka nepia, majani ya kumlisha, iwe imeshika na uwe na pesa ya dawa ya kupe, kwa sababu ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, huweza kumuua ng'ombe wa gredi.

Mwishoni mwa Februari panda ngazi, utoe majani na kinyesi cha ndege kwenye gata, uoshe chujio. Mvua ya kwanza ya Machi igeuze bomba imwagike nje kwa dakika kumi na tano, mpaka yatoke meupe. Hayo machafu tunawapa migomba. Kisha lirudishe bomba kwenye tangi.