Kuchambua Vifaranga vya Kambare Wasilane

Kambare, ambaye Kisumu utamsikia akiitwa mumi, hula wenzake. Ukichanganya wakubwa na wadogo, utabaki na wachache wanene na bwawa tupu. Chambua kila baada ya wiki mbili wangali wadogo.

Fanya kazi hiyo alfajiri, maji yakiwa bado baridi, na usiwalishe kwanza. Samaki aliyeshiba husumbuka upesi anaposhikwa. Tumia wavu laini usio na mafundo. Kambare hana magamba, ngozi ikichubuka tu kidonda huota ukungu mweupe kama pamba. Weka makarai matatu yenye maji ya bwawa lilelile: wadogo, wa kati, wakubwa. Yule aliyewapita wenziwe kwa urefu, kichwa kipana, tumbo limetuna, ndiye mlaji. Mtoe kwanza, na uangalie miiba ya mapezi ya kifuani, inachoma vibaya.

Njaa huzidisha ulaji huu, kwa hiyo lisha kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Unga wa omena, yaani dagaa, huwafaa sana. Zungushia bwawa wavu pia. Kambare hupumua hewa, na usiku wa mvua hutambaa nje akaenda zake.