Dawa ya kupaka kabro: usianze na bei

Kabro za kwetu hapa Malindi, vile vitofali vya saruji vya kutandika uani, nilizipaka dawa ya kuzikinga mara ya kwanza mwezi wa Mei, masika yamekolea. Jua likatoka siku mbili, nikadhani zimekauka. Wiki haikwisha, zikageuka nyeupe kama tui: unyevu umenaswa chini ya dawa. Kuibandua ilikuwa thina, brashi ya waya na magoti kuchubuka.

Sasa naanza na maji. Dondosha matone juu ya kabro kavu. Yakinywewa papo hapo, kabro ina kiu na itakula dawa nyingi kuliko ulivyopiga hesabu. Yakisimama kama shanga, dawa ya zamani bado ipo.

Dukani utaonyeshwa ile ya akriliki inayong'aa. Inapendeza, sikatai, kabro huonekana kama zimetoka kuoshwa, na hushika mchanga wa kwenye viungo. Lakini huacha utando juu, na mvua ikinyesha panateleza. Penye mteremko, itie unga wa kuzuia utelezi, la sivyo iache. Nyingine ni ya silani: huzama ndani, haionekani, husukuma maji, ila mchanga haushiki. Mimi natumia hii.

Ule weupe wa kabro mpya si chumvi ya bahari, ni chokaa ya saruji yenyewe. Ungoje utoke, uoshe, ndipo upake. Chagua kaskazi, Januari au Februari, asubuhi umande ukishakauka. Paka nyembamba mara mbili, wala usimwage kopo zima ukidhani ndiyo itadumu.