Majeruhi 40 kwa mpigo: ukiwa zamu, anzia hapa

Wenzangu wa vituo vya afya kando ya barabara ya Mingoyo hadi Masasi, poleni na kazi. Basi likipinduka, wa kwanza kukufikia si walio hoi. Ni wanaotembea: wamedandia bodaboda na pikapu, wanajaza mapokezi, na yule aliyenyamaza huku damu inamwishia anakuta vitanda vimejaa. Huyo ndiye tunayemtafuta.

Hatua ya 1. Mkubwa wa zamu asishike sindano. Kazi yake ni kuhesabu, kupiga simu na kuelekeza. Najua mikono inawasha, lakini akishainamia kidonda kimoja, wengine wote hawana wa kuwaona.

Hatua ya 2. Wapange nje, kabla hawajaingia. Utaratibu wa START, wa kuwapanga majeruhi haraka kwa rangi, ulioanzia California mwaka 1983, hauchukui hata dakika moja kwa mtu. Paza sauti: "Anayeweza kutembea aje chini ya mwembe!" Hao ni kijani, wanaweza kusubiri. Nenda kwa waliolala. Hapumui? Inua kidevu, akivuta pumzi ni mwekundu, wa kutibiwa kwanza; asipovuta ni mweusi, hatuna la kumfanyia, nawe songa mbele, hata kama roho inakataa. (Mtoto ambaye bado ana mapigo, mpe kwanza pumzi tano.) Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika: mwekundu. Mapigo ya mkononi, upande wa kidole gumba, huyapati: mwekundu. Mwambie, "Nibane kidole." Asipofuata, mwekundu. Waliobaki ni njano, wanafuata baada ya wekundu.

Katika mzunguko huo unatibu mambo mawili tu: njia ya hewa na damu inayomwagika. Damu ya mguu isipokoma kwa kugandamiza, funga kipande cha khanga kuuzunguka mguu, juu kidogo ya jeraha upande wa nyonga, si kwenye jeraha lenyewe, pitisha kijiti, zungusha mpaka ikome. Itamuuma sana; usilegeze. Andika saa kwenye ngozi yake kwa kalamu ya wino mzito, tena uandike "usiku" au "mchana", maana saa 3 peke yake itamchanganya atakayempokea.

Vitambaa vya rangi hizo nne, vya kuwafunga majeruhi, vikatwe leo, vikae kwenye boksi.

Hatua ya 3. Gawa majeruhi. Tusiwarundike wote hospitali ya Ligula, Mtwara, wakati hospitali za Nyangao, Ndanda, Mkomaindo na Sokoine zipo. Piga simu, uliza damu na chumba cha upasuaji, ndipo gari liondoke. Wekundu watangulie. Na usiweke matumaini yote Dar es Salaam: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kwenda huko.

Hatua ya 4. Rudia kuwapima. Wa njano hugeuka mwekundu ukiwa umempa mgongo.

Getini weka meza, mtu mmoja na daftari: jina, rangi, gari lililombeba, hospitali aliyopelekwa. Ndugu wakifika alfajiri, wajibiwe hapo.