Mashine ya kufyekea nyasi: ipime ikiwa na mafuta, usiamini boksi

Juzi mdogo wangu wa Gungu, Kigoma, alinipigia simu: "Kaka, kuna mashine ya injini ya cc 52 hapa dukani, bei nzuri, nichukue?" Nikamwambia asubiri kwanza. Ya kwangu ya cc 52 ilinilaza siku mbili kwa maumivu ya mgongo, na nilikuwa nimefyeka mistari minne tu ya michikichi mlimani.

Hatua ya 1: Tazama kazi yenyewe. Ua wa nyumba hauhitaji zaidi ya cc 25, kilo 4 au 5 hivi. Nyasi za mvua zilizofika kiunoni, chukua cc 33 hadi 43. Bomba, ule mkono mrefu kati ya injini na kichwa cha kukatia, lililopinda ni jepesi, ila mtu mrefu atafyeka ameinama kama anatafuta shilingi. Nunua lililonyooka.

Hatua ya 2: Pima. Uzito wa kwenye boksi mara nyingi ni wa mashine tupu: bila petroli, bila kichwa cha uzi (kile cha mbele kinachozungusha uzi wa kukatia nyasi), bila kinga yake. Yangu iliandikwa kilo 7. Niliijaza tangi, nikaifungia kila kitu, nikaipeleka Kibirizi kwa mama mmoja muuza samaki, tukaitundika kwenye mizani yake ya ndoano: kilo 9 na ushee. Akaniuliza: "Mwanangu, mgebuka gani huu unanuka petroli?" Lita moja ya petroli peke yake ni kama robo tatu ya kilo.

Hatua ya 3: Ivae. Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima, kwa hiyo nisome taratibu. Kilo 7 zilizokaa sawa zinachosha kidogo kuliko kilo 5 zinazovuta upande mmoja. Kwanza, mkanda uwe wa mabega mawili. Ule wa bega moja mimi nilimpa jirani afungie mbuzi. Zima injini, tundika mashine, kisha achia mikono yote miwili. Kichwa cha uzi kiguse ardhi kidogo tu. Kikikandamiza chini, sogeza ndoano ya kwenye bomba, ile inayoshikwa na mkanda, kuelekea mbele; kikielea juu, irudishe nyuma. Isogeze upana wa vidole viwili tu kila mara.

Lakini tangi liko nyuma pamoja na injini. Mafuta yakipungua, nyuma kunakuwa kwepesi na kichwa kinazama. Mimi niliirekebisha tangi likiwa limejaa, baada ya nusu saa nikawa naiinua kwa mkono wa kushoto bila kujua kwa nini. Rekebisha mafuta yakiwa nusu tangi. Na ukitoa uzi ukaweka kisu, uzito wa mbele umebadilika, anza upya.

Kuna zile ambazo injini inabebwa mgongoni. Mkono unapumzika kweli, lakini uzito wote kwa pamoja ni mkubwa zaidi, na kwa miteremko yetu hii sizitaki. Ukiteleza, injini inakuangusha nayo.

Hatua ya 4: Uzi. Unene wa milimita 2.4 kwa mashine ndogo. Ukilazimisha wa 3 injini inakoroma tu.

Kuchanganya oili na petroli unajua.

Mdogo wangu alichukua cc 33. Jioni akapiga tena: ndoano haisogei. Inalegezwa kwa ile spana ndogo ya L inayokuja ndani ya boksi, na boksi alikuwa ameliacha dukani.